Mkia wa Modeli ya Miadi

Jumatatu, 9 Juni
Kamunyonge, nyumbani. Chai, kompyuta, ubishi. Nimeongeza ukurasa wa miadi kwenye mfumo wa kliniki ya wajawazito, hospitali ya Manyamanyama, Bunda. Kidhibiti, faili inayopokea ombi la ukurasa, nimekiita Miadi. Modeli, ile inayochota tarehe za kina mama kwenye hifadhidata, inaitwa Miadi tangu mwanzo. Mwongozo wa fremuweki, kiunzi ninachojengea mfumo, unashauri jina la kila modeli liwe na mkia, neno la mwishoni la kuonyesha kuwa ni modeli. Sibandiki. Nimeandika makala ngapi kupinga utii wa namna hii? Neno la Kiswahili linasimama lenyewe. Nimepandisha faili kwenye seva. Nimelala mchana.

Jumanne, 10 Juni
Ukurasa haufunguki. Sista Zuhura, nesi wa kliniki, kapiga simu asubuhi. Makadi ya karatasi alishayafunga kwenye kiroba na kuyapeleka stoo, kwa kuniamini. Kliniki ya kwanza ya kutumia ukurasa huu ni keshokutwa.
"Kaka, mimi ndo nilikutetea kwa mganga mfawidhi. Usiniaibishe."
Ujumbe wa kosa unasema klasi, yaani kipande cha programu, chenye jina Miadi kipo tayari, na si modeli. Upuuzi. Nimeiandika mwenyewe, ni modeli. Nimeisoma mstari kwa mstari mara nne. Nimeihamisha folda, nimeirudisha. Nimeandika upya amri ya kuipakia. Hakuna. Naogopa. Zuhura ataumbuka kwa kosa langu, na silioni.

Jumatano, 11 Juni
Bunda. Nimekaa kando ya meza ya Zuhura, kompyuta mapajani. Mganga mfawidhi kapita.
"Kesho isipofunguka tunarudi kwenye madaftari. Na wewe rudi kwenye magazeti yako ukagombane."
Nikainamia kompyuta. Majibu ya kumpa nilikuwa nayo.
Zuhura akaita Bhoke Chacha aje apimwe. Akainuka mama wa benchi la mbele. Zuhura akatazama kadi aliyoishika yule mama, akatikisa kichwa.
"Siyo wewe mama, kaa kwanza. Bhoke wa Butiama."
Akainuka mwingine, kule nyuma. Zuhura akanigeukia. "Huku majina ya mabibi yanarudiaga. Ukiita jina tupu, anakujaga aliye karibu."
Aliye karibu. Ukurasa ukifunguliwa, kidhibiti ndicho kinachoamka kwanza. Nikiita modeli Miadi, fremuweki inaona Miadi yupo tayari, haiendi kabisa kutafuta faili nyingine. Inamkuta aliye karibu, naye siye. Mkia ule si utumwa. Ni "wa Butiama".
Nimebadili jina la faili, la klasi, na amri ya kupakia. Miadi_modeli. Mkia nimeuchagua mwenyewe. Ukurasa umefunguka palepale, tarehe zote zipo. Zuhura kacheka mpaka benchi zima likageuka.
"Kumbe siku mbili zote ni ubishi wako tu."
Ni kweli. Inauma. Nimefurahi kuliko ninavyoumia.

Alhamisi, 12 Juni
Kliniki imeisha mapema. Hakuna aliyerudishwa nyumbani. Mganga kapita, madaftari hakuyataja. Kwake hiyo ni sifa.

Jumamosi, 14 Juni
Nyumbani. Nimepitia modeli zote zilizobaki, kila moja nimeipa mkia wake. Makala ya kuushambulia mwongozo ilikuwa imefika nusu. Nimeifuta. Zuhura kaandika kwamba kiroba bado kiko stoo, kimefungwa. Upepo wa ziwa unaingia dirishani. Sina ugomvi na mtu leo.