Maneno ya Herufi Tatu kutoka Kitwe

Kitwe, Zambia, 6 Machi 1994

Mume wangu mpenzi, Baba Emmanuella,

Nakusalimu sana. Mnaendeleaje hapo Likasi, mtaani kwetu Kikula? Emmanuella amepona kikohozi? Carine bado anagoma kula bukari ya unga wa muhogo? Miye mwili ni mzima, miguu tu inauma kwa kusimama.

Samaki wa ziwa Tshangalele niliotoka nao nyumbani waliisha wiki ya pili. Sasa namuuzia mama mmoja samaki wake hapa sokoni. Lakini kuna habari nzuri. Mwenye duka la vyombo anatafuta mwanamke wa kuuza, anayejua Kiswahili cha wateja wetu wa Zaire na anayeweza kusoma Kiingereza cha kwenye maboksi. Mtihani ni mwezi wa sita. Atakayepita anapewa na chumba nyuma ya duka. Nikipita, mtakuja wote watatu, na tutaacha kuishi kwa barua.

Kwa hiyo kila Jumamosi tunasoma kanisani, wanawake saba wa kwetu. Mwalimu anaitwa Germain, mtu wa Kolwezi. Anafundisha maneno mafupi kwa ukoo: herufi mbili za mwisho ni za ukoo, ya kwanza ndiyo inayobadilika. Hen ni kuku, pen ni kalamu, ten ni kumi, men ni wanaume. Ukishamjua mmoja, ndugu zake wanakuja wenyewe. Nimewaandikia watoto koo tano kwenye karatasi ya pili. Wasomee weye.

Huyu Germain ana subira! Hata nikikosea mara sita, hanicheki.

Mke wako,
Orpha

Likasi, 27 Machi 1994

Mama Emmanuella,

Salamu. Kikohozi kimekwisha, Carine anakula. Kiwanda bado kimelala, nami naenda Kapolowe kwa baiskeli kutafuta muhogo. Za afya ndizo hizo.

Sasa tuongee. Nani alikushika mkono mpaka ukaandika jina lako mara ya kwanza? Ni miye. Nilikucheka, ndiyo, tulipokuwa wachumba, na mpaka leo hujanisamehe. Huyo Germain ana umri gani? Ana mke? Na katika maneno yote ya Waingereza, mbona ukachagua kuniandikia wanaume?

Watoto wanaimba hen, pen, ten uani kutwa nzima. Jirani Eugénie akaniuliza mlangoni: "Ba Barnabé, bibi yako iko na mwalimu kule?" Nikasema iko naye. Akacheka, akaenda zake.

Halafu nikaangalia ile karatasi ya pili vizuri. Ukoo wa tatu: red, nyekundu, fed, kulishwa, led, kuongozwa. Kati ya red na fed kuna neno umelichora kwa wino mpaka karatasi imetoboka. Nilikwenda kuazima kamusi ya padri. Nimejaribu herufi moja moja, neno lenyewe ni bed. Kitanda! Mwanaume anamfundisha mke wa mtu kitanda, na mke anakificha mumewe asikione.

Nina wivu, Orpha, naandika wazi. Acha hayo masomo au urudi.

Mume wako,
Barnabé

Kitwe, 15 Mei 1994

Baba Emmanuella,

Habari za siku nyingi. Natumaini ninyi wazima. Miye ni mzima wa kusimama tu.

Barua yako ilifika mapema, jibu ndilo lililokuwa gumu. Ulimpa Berthe, anayekwenda na kurudi huku na biashara yake. Naye kila tunachomtuma anakibeba bila kulalamika, na barua anabeba wazi, kama desturi yetu ilivyo: ya mkononi haifungwi gundi, mbebaji asije akaona hatumwamini. Aliisoma njiani. Akawasomea wenzake kwenye gari. Nilipoipokea, soko zima lilikuwa limeshaijua.

Mélanie, mke wa Germain, alikuja kwenye meza yangu ya samaki akauliza mbele ya wateja: "Ni weye ule wa kitanda?" Jumamosi iliyofuata tulikuta mlango wa darasa umefungwa. Tumekosa masomo wanawake saba. Germain ana miaka sitini na tatu, Barnabé. Ana wajukuu.

Ulitaka kujua kwa nini nililifuta. Ningeandika kitanda, Carine angeuliza mama analala kitanda gani. Nalala chini ya meza ya soko, juu ya magunia. Sikutaka mjue.

Mtihani ni tarehe 11 mwezi ujao. Najisomea maboksi yanayotupwa nyuma ya maduka.

Orpha

Likasi, 2 Juni 1994

Mke wangu Orpha,

Nakusalimu kwa aibu. Watoto wazima. Miye silali vizuri tangu barua yako.

Nikuambie ukweli. Siku ile nilikuwa na gundi mezani. Najua Berthe anasoma kila kitu. Nilitaka asome, huyo mwalimu ayasikie maneno yangu mbele ya watu. Sikuwaza mtihani wako hata kidogo.

Na si yeye tu. Humu nyumbani miye ndiye niliyesoma mpaka diplome, weye ndiye uliyekuwa unauliza. Sasa unawaandikia watoto vitu ambavyo miye navitafuta kwenye kamusi ya mtu. Hilo linanichoma kuliko Germain.

Nimekunakilia koo kumi za vitu vya dukani: tin, bin, pin, can, pan, fan, na nyingine nyuma ya karatasi. Barua hii nimeifunga. Berthe amenuna.

Nauliza tu, usikasirike: mwenye duka ni mwanaume?

Mume wako,
Barnabé

Kitwe, 26 Juni 1994

Baba Emmanuella,

Salamu kwenu wote. Karatasi yako ilifika siku tisa baada ya mtihani. Nilikuwa nimeshapita. Walinipa maboksi thelathini nikakosea mawili. Chumba nimepewa, kina dirisha.

Ndiyo, ni mwanaume. Ananisalimu kila asubuhi kwa Kiingereza nami namjibu. Weye utakuwa umekaa pale na hutaelewa. Ukiniuliza, nitakufundisha kwa furaha. Lakini kujitetea kwamba sikufanya kitu, hilo sitalifanya tena hata siku moja.

Berthe anaondoka huko tarehe 20 Julai. Ukiweza kuishi hivyo, panda gari pamoja na watoto. Usipoweza, mpe Berthe watoto.

Nakungoja. Kweli nakungoja.

Mke wako,
Orpha

Likasi, 20 Julai 1994

Orpha,

Natumaini hujambo. Watoto ni wazima, unawaona mwenyewe; barua hii inakuja nyuma yao kwa gari jingine.

Nilifika nao kwenye gari, na sanduku langu mkononi. Berthe akaniambia: "Ba Barnabé, panda sasa, gari inaenda." Nikawapandisha wao, nikabaki chini. Nilijiona tayari huko kwako, nimekaa dukani, nahesabu kila mtu anayekusalimu. Ningekuharibia na hicho kidogo ulichopata. Najijua.

Wamenililia wakidhani ninakuja na gari linalofuata. Sikukanusha. Waambie weye, miye nimeshindwa.

Baba yao,
Barnabé