Nanasi la Wifi Tumaini

Makambako, Jumapili, Novemba

…na bado sijuti. Jeli ya choya, yale maua mekundu ya juisi, nilijifunza mwenyewe, nikaharibu sufuria saba. Leo wifi Tumaini ndiye mpishi! Alisema kipaimara cha mwanawe hakihitaji "mambo yako ya mgahawani", nimpe vipimo tu.

Nilimpa, tena sahihi: kila vikombe viwili vya choya, kijiko kikubwa kimoja cha jelatini, ule unga wa kugandisha.

"Nikiongeza juisi ya nanasi mwishoni, bila kuichemsha?" akauliza.

"Weka tu, wifi. Itanukia."

Nanasi lisilochemshwa huzuia jeli kuganda. Sufuria ya tatu ilinifundisha.

Basi leo, kwenye ukumbi wa hapa Mahongole, jua linachoma, wageni arobaini wakaletewa maji mekundu kwenye bakuli.

"Haya tunakunywa au tunanawa?" mjomba mmoja akauliza. Ukumbi mzima ukacheka.

Mama mkwe akamfokea wifi, "Nani kakufundisha hivi?"

Wifi akanitazama. "Nimekosea mwenyewe, mama."

Kwa nini hakunitaja? Hilo tu ndilo linalonisumbua.

Nilikuwa na trei zangu za jeli kwenye friji ya jirani wa ukumbi, zimeganda, zinatosha wote. Nilipanga kuzileta nimwokoe, nishangiliwe. Lakini nilipomwona anafuta machozi kwa kanga, sikuinuka.

Nilimwomba aniongezee bakuli la pili la yale maji mekundu.