Vunja Baraza

Jumatatu, 4 Machi 1996

Leo nimefanya ujinga wa mwaka! Tunatengeneza ukuta wa nyumba ya kupanga, Mji wa Kale. Wazee wamejaa kwenye baraza la mawe la mbele, na mawe ya juu ukutani yamelegea, yaweza kuwaangukia. Sheikhan, msimamizi wetu, akaondoka mbio: Fondo, nikirudi uwe umeshavunja baraza. Haya. Nikachukua nyundo. Wazee wakatawanyika wakinitukana. Nusu ya baraza imekwenda, ndipo Sheikhan akarudi na kupiga ukelele. "Watu, Fondo! Nalisema watu waondoke!" Mimi ni mwashi. Nikiambiwa vunja, navunja.

Jumanne, 5 Machi

Bi Badria, mjane anayepanga chumba cha chini, alikuja alasiri akaketi kwenye nusu iliyobaki. Tasbihi mkononi. Nikamwambia, pole mama, lakini hili si msikiti wala si kanisa, ni mawe tu. Akanijibu taratibu: "Kuswali naswali ndani, mwanangu. Hapa nawaombea wapitao. Hata weye jana, na nyundo yako."

Nimeona aibu! Miaka yote napita kichochoro hiki nikidhani anapunga upepo.

Jumatano, 6 Machi

Mwenye nyumba amefurahi — anataka mlango wa duka pale palipo baraza. Ila nyumba hizi za kale haziguswi bila ruhusa, na mkaguzi anakuja kesho. Sheikhan ameninong'oneza: niseme mawe yalikuwa yameoza, ili baraza liondolewe lote. Nikisema yalikuwa mazima, nitafute kazi kwingine. Sidi, mke wangu, asema niseme tu, watoto wanataka kula. Kweli. Lakini mawe yale yalinichubua viganja kwa ugumu!

Alhamisi, 7 Machi. Saa tano

Naandika uani. Nimewaambia nanawa mikono. Mkaguzi amefika, Sheikhan keshamwambia mawe yalioza. Mkaguzi hataki maneno yake, anataka ya fundi aliyevunja. Bi Badria yuko mlangoni, midomo yamcheza. Ananiombea nini? Niseme kweli, au nisifukuzwe?

Wananiita. Sheikhan, mara ya tatu sasa: Fondo, ndugu yangu, njoo. Ndugu! Tangu lini?

Mikono imeshakauka kitambo —