Karatasi Kumi na Moja za Sigino

Maisaka,
Babati, Manyara.
14 Desemba 2025.

Mpendwa Mama Mdogo Genoveva,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima wewe na Baba Mdogo, na kile kifua cha Wolfgang kiwe kimeachia. Huko Songea kwenu najua baridi haimsaidii. Sisi tupo salama. Mvua imeanza vizuri, baba ameshapanda mahindi na mbaazi. Kornel ameng'oka meno mawili ya mbele kwa siku moja, sasa hataki kuongoza sala mezani, eti tutamcheka. Tunamcheka kweli.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Unanijua. Kwenye simu nasema ndiyo, hapana, halafu nampa mama. Kwenye karatasi naweza.

Habari kubwa: Alhamisi mama alitetea utafiti wake chuoni na amefaulu! Wamempa marekebisho madogo tu. Shahada ya uzamili ya usimamizi wa rasilimali watu, Mama Mdogo, na ni mtu yuleyule aliyeanza kazi kwa kupanga mafaili masjala. Baba alimsubiri nje ya mlango. Anasema maprofesa watatu walimuuliza maswali saa nzima na sauti yake haikutetemeka. Tangu arudi anamwita "Bosi". Mama anamwambia, "Laurian, acha hizo," huku anacheka.

Sasa naomba usome polepole. Mwezi wa kumi ulilalamika kwamba chuo kinamchelewesha dada yako, wenzake watavaa joho Novemba na yeye bado. Halafu ukanisifu kwamba mimi ndiye mkono wake wa kulia, kwa sababu nilimtafsiria maswali ya utafiti kutoka Kiingereza. Nilinyamaza. Mama naye hakukuambia. Chuo hakikumchelewesha. Nilimchelewesha mimi.

Mama alikuwa anachunguza kwa nini watumishi wa vijijini wanaomba uhamisho. Aliandaa madodoso, yaani karatasi za maswali, mia na ishirini. Likizo ya Juni alinipa kumi na moja nipeleke kwa wauguzi na walimu upande wa Sigino, maana kazini hawakumpa ruhusa siku hiyo. Alishawapigia simu. Kazi yangu ilikuwa kusalimia, kugawa na kusubiri.

Nilifika zahanati nikakuta kina mama wamejaa na watoto wao. Muuguzi mmoja akaniita kwa sauti, "Wewe binti, umeleta mtoto kliniki au umepotea?" Watu wakacheka. Nikasema namsubiri mtu. Nilikaa kwenye benchi kama nusu saa, bahasha tumboni chini ya sweta, nikaondoka. Shuleni kwa walimu hata getini sikuingia.

Nilikaa pembeni ya shamba la watu nikazijaza zote mwenyewe. Nilitumia kalamu tatu, na nyingine niliandika kwa mkono wa kushoto. Niliandika "mume yuko mbali", "nyumba ya mtumishi inavuja". Nilijiona nina akili.

Kilichoniumiza ni kwamba mama alizipenda. Sentensi yangu moja aliiweka kwenye sura ya nne: mtumishi mmoja wa Sigino alisema hivi na hivi. Dkt. Elimringi, msimamizi wake, akaandika pembeni kwamba ni ushahidi mzuri sana. Mama akanisomea kwa furaha.

Jumamosi moja ya Agosti, tunachambua mbaazi uani, nikamwambia. Hakunigombeza. Aliingia ndani akatoka na boksi la madodoso, akaliweka mbele yangu. "Zitoe." Nikazitoa. "Ndizo zote?" Ndizo zote.

Baba akajaribu kutuliza mambo. "Mama Anjela, kumi na moja kwenye mia na ishirini, nani atajua?"

"Mimi ndiye ninayeshika mafaili ya hawa watu," mama akasema. "Nikiandika uongo juu yao, kesho wakija ofisini nitawatazama vipi?"

Akampigia Dkt. Elimringi palepale, mbele yetu, akamweleza bila kunitaja. Alisema tu, "Kosa liko upande wangu." Akaambiwa akusanye upya, na kwamba hatawahi tarehe ya mwisho ya mahafali ya mwaka huu. Akajibu, "Sawa, Daktari." Kisha akarudi kwenye mbaazi.

Wiki iliyofuata aliomba ruhusa tukaenda Sigino wote wawili. Yeye alibaki nje. Niliingia peke yangu. Muuguzi alikuwa yuleyule, anaitwa Amna. "Haa, umerudi! Mtoto yuko wapi?" Nikacheka na mimi, nikamwambia kilichonileta. Akaita wenzake. Kutoka hapo nikaingia na shuleni kwa walimu.

Na sikia, Mama Mdogo: kati ya wale kumi na mmoja, saba hawataki kuhama kabisa! Wanataka likizo yao ifike kwa wakati, basi. Mimi nilikuwa nimewahamisha wote. Mama aliiandika upya sura ya nne, na Alhamisi maprofesa waliuliza zaidi hapohapo. Alijibu kila kitu, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kwa hiyo usikilaumu chuo tena. Na wale ulionisifia kwao, waambie na hili. Mama anajua nakuandikia. Alisema ni juu yangu.

Baba Mdogo msalimie sana, na Wolfgang mwambie Kornel anamdai mechi. Babu Pantaleo wa Mbulu anawasalimu. Mungu awatunze nyumba nzima hadi tuonane kwenye mahafali mwakani.

Jambo la mwisho. Kwenye utafiti wa mama kuna sentensi ya Kiingereza inayosema madodoso kumi na moja yalitupwa kwa kuwa hayakujazwa na watumishi, yakakusanywa upya. Kabla ya kuwasilisha, aliniletea mimi niikague Kiingereza chake. Niliisoma mara nyingi. Aliiandika vizuri, sikubadilisha kitu.

Mimi mwanao nikupendaye, ninayejivunia dada yako kuliko ninavyoweza kusema kwa mdomo,

Anjela Laurian