Spika Isiyo na Mafua

Jumatatu, 6 Julai 1998

Mpunga nimeanika. Kuku wa Masanja wamekula pembeni kote. Masanja, jirani yangu Msukuma, anasema kuku wa kienyeji hajui mipaka. Nimemwambia hata ng'ombe wake ni wa kienyeji basi. Tukacheka. Mpunga haukurudi.

Vene ameshuka na treni asubuhi. Mjukuu wangu. Anafanya kazi ya mbu: anawakamata, anawapima, nadhani anawabatiza pia. Nikamwambia karibu mke wangu, umeniletea nini kutoka Ulaya? Maana alipelekwa huko kozi.

Akasema, "Nimekuletea mpwa wako, mume wangu. Yumo humu." Akapigapiga mkoba mweusi.

Nikacheka. Kisha nikaacha.

Ndani ya mkoba mna kompyuta. Si ile kubwa kama televisheni niliyoiona kwa masista. Hii inafunguka kama kitabu. Vene anaiita ya kupakata. Huko Ulaya alimtafuta Fidelis, mtoto wa dada yangu Agripina, yule aliyekwenda kusoma madini barua zikakatika. Amempata. Hawakuwa na kaseti karibu, wakarekodi sauti yake kwenye hiyo mashine. Mzima. Ana mke. Ana kitambi, nimeona picha.

Nimefurahi mpaka nimesahau kunywa chai.

Ila kuna jambo. Dada ametangaza Jumamosi hii ni matanga ya Fidelis. Alimwota amekuja kuaga, nguo zinachuruzika maji, akaamka akasema mwanangu amekufa. Katekista kaambiwa. Ndugu wa Malinyi wameambiwa. Na sisi tumelelewa hivi: ukimlilia mtu matanga naye yu hai, umemfungia njia ya kurudi. Hata aje, hafiki. Vene anasema hizo ni imani. Sawa. Lakini hata yeye aliposema hivyo alishusha sauti.

Dada habadili neno. Mto unaweza kupinda, yeye hapana.

Jumanne, 7 Julai

Sabasaba. Maduka yamefungwa. Mashamba hayajui sikukuu.

Tumekwenda kwa dada, nyumba ya pili kutoka kwangu. Macho yake yamefunga ukungu siku nyingi. Vene akampa ile picha. Dada akaipapasa mbele na nyuma, akasema, "Karatasi," akairudisha.

Vene akapakata kompyuta, akabonyeza. Fidelis akaongea. Sauti inatoka kwenye vitundu vidogo kama vya chupa ya pilipili. Mimi nilisikia, ila niliinama.

Dada akasema, "Huyo mbu."

Vene akakasirika. Anasema anawajua mbu, hawasemi shikamoo.

Dada akatufafanulia kama tupo darasa la kwanza. Yeye sasa anaona kwa masikio. Padri anamjua kwa kikohozi. Masanja kwa malapa. Sauti ya mwanaye hakuisahau, na haikuwa nyembamba kama uzi. Halafu akaongeza kwamba anayeongea humo anaweza kuwa ni Damas.

Damas ni mimi.

Siwezi kumlaumu. Naigiza watu, ndiyo furaha yangu. Mwaka jana nilisimama nyuma ya dirisha lake nikaigiza sauti ya balozi wa nyumba kumi, nikamwambia uwanja wake mchafu. Alifagia mpaka kwa jirani. Alipojua, alinirushia ufagio, akanipata.

Akatoa sharti. "Mashine hiyo itoe kwanza sauti ya huyu mjinga. Nikimtambua yeye, nitamsikiliza huyo mwingine."

Kisha akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa anapika pombe ya matanga. Mtungi wake mkubwa, ule aliopewa na mama yetu, umesimama kivulini umejaa. Itaiva Jumamosi.

Vene anasema sauti iko sawa, kasoro ni spika. Tutafute za nje, kuna tundu la kuzichomeka ubavuni. Kazi hiyo nimeiomba mimi. Nimeshavaa viatu ingawa maduka yamefungwa.

Jumatano, 8 Julai

Siku nzuri sana. Pia nimeharibu.

Asubuhi Vene alinirekodi. Unasogea kwenye kompyuta, unaongea, dakika hiyohiyo unajisikia. Mungu wangu. Nimerudia mpaka Vene akanifungia. Kumbe nina sauti mbaya.

Tukaenda kwa fundi redio karibu na stendi. Ana maiti za redio mpaka darini. Nikamwambia nataka spika za kompyuta. Akanitazama viatu. Nikamwambia tena, taratibu, kama mtu aliyezoea. Akasema kompyuta ni redio iliyosoma, spika ni spika. Akatuunganishia waya kwenye redio kaseti, na spika yake akaibadilisha kwa ile ya mlango wa gari, koni yake imeshonwa kwa uzi.

Ilikuwa inakwaruza kama mtu anayefagia mchanga chini ya meza. Tukaibeba hivyohivyo. Dada akasikiliza hadi mwisho, maana ana adabu kwa vitu vya wageni. Akasema, "Huyu ana mafua."

Vene akashusha sauti, ikatulia kidogo. Akasema turudie.

Hapo ndipo nilipoharibu. Asubuhi, Vene alipotoka kufuata maji, nilikuwa nimeongea tena kwenye mashine kwa sauti ya katekista. Nilidhani ni mchezo. Vene hakujua, akabonyeza hiyo. Dada akasimama, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo, katekista, karibu." Akageuka mlangoni kumpokea mtu ambaye hayupo.

Sikuweza kujizuia. Nilicheka.

Dada akakaa. Akasema mashine yetu ni Damas mwingine, na nyumba moja inatoshwa na Damas mmoja. Akaingia ndani.

Vene hajaniita mume wake tangu hapo. Amesema tu, "Babu, huyo ni mtoto wake." Mimi mzee mzima. Nimeona aibu mpaka miguuni.

Jumatano bado. Nimesahau kuandika hili: nimefuta ile sauti ya katekista. Vene amenionyesha pa kubonyeza.

Alhamisi, 9 Julai

Nimekwenda kuomba msamaha na sangara wa kukaanga. Si sangara, kambale, ila nilimwambia dada ni sangara. Akanusa akasema kambale. Akala. Akasema niendelee kutafuta, lakini pombe haingoji.

Masanja ndiye aliyeniokoa. Ana boksi la mbao kimo cha mbuzi, spika mbili ndani, anatumia betri ya gari. Ni la ngoma za mavuno, linafungwa nyuma ya baiskeli. Nikamwambia leta. Akasema, "Mzee, hii ikiongea hata kijiji cha Mkula wanasikia." Nikasema ndiyo, hiyohiyo.

Tuliunganisha uwanjani kwa dada. Vene akasema tuanze chini. Masanja hajui chini iko wapi. Sauti yangu ikatoka kama Mungu mwenye malaria. Bati likatetemeka. Mbwa wakaondoka. Watu wakaja mbio kudhani kuna mkutano wa serikali. Mimi nilikuwa nimesimama katikati, nimefurahi kuliko siku ya ndoa yangu.

Dada akangoja vumbi litulie. Akasema Damas hakuwa mtu wa maana kiasi hicho hata siku moja. "Huyo ni ng'ombe."

Masanja akauliza, "Ng'ombe wa rangi gani, mama?" Hata dada alicheka. Kidogo.

Mchana Vene akapanda baiskeli mwenyewe kwenda kwa mwenzake wa kazini. Akarudi na spika za kompyuta kwelikweli. Mbili, nyeupe, kila moja kama kopo la maziwa, zinatumia betri za tochi. Nilizishika kama vifaranga. Hazikwaruzi. Hazivumi. Neno linatoka limeoga.

Dada akainamisha kichwa, akasikiliza mara mbili.

"Ni Damas," akasema. Nikasimama. "Lakini Damas wa zamani, hajaota ndevu. Hana kifua."

Ndivyo ilivyo. Safi lakini nyembamba. Boksi lina kifua halina ukweli, vikopo vina ukweli havina kifua. Tukakaa. Masanja akakuna kichwa, akasema mbona hilo dogo, spika ndogo huwekwa mtungini. Kweli, kila kijana hapa anafanya hivyo akitaka besi. Sote tulijua, hakuna aliyewaza, sababu hii ni kompyuta.

Nikakimbia nyumbani kuleta chungu changu. Kina ufa. Kilivuma kama nyuki. Cha Masanja ni ndoo ya plastiki. Mtungi mzima uwanjani ni mmoja tu. Na tumbo lake limejaa pombe ya matanga.

Tukatazamana. Vene akanitazama mimi.

Nitamwambia kesho.

Ijumaa, 10 Julai

Nimemwambia.

Nilikaa chini kabisa, siyo kwenye kigoda. Nikasema dada, tunahitaji mtungi. Akaupapasa mtungi. Najua alichokuwa anapima. Pombe bado changa, ukiihamisha leo inalala, haiamki tena vizuri. Ndugu wa Malinyi wako njiani, labda wamefika Kivukoni, pale mtoni, wanangoja pantoni iwavushe. Wakikuta matanga hayana pombe, watalisema jina lake mpaka wajukuu.

Akaniuliza, "Damas. Yumo kweli?"

Nikasema, "Yumo, dada."

Akasubiri niongeze kitu. Sikuongeza. Baadaye alisema hapo ndipo alipoogopa, maana hajawahi kunisikia nikisema maneno mawili yakaishia hapo.

Akainuka mwenyewe. Hakutaka mtu amsaidie. Akauinamisha mtungi, tukakinga kwa ndoo za Masanja. Akauosha kwa majani, akausuuza, akaukausha kwa kanga yake.  

Tukatia spika moja ndani. Chini kabisa ikabwabwaja kama mtu anaongea kisimani. Tukaipandisha. Mdomoni kabisa ikawa nyembamba ile ya jana. Vene akaizungushia kitambaa, akaishika shingoni mwa mtungi, anaisogeza unene wa kidole, anasikiliza, anasogeza. Masanja alikuwa amevua kofia. Hakuna aliyemwambia avue.

Kwanza mimi. Nilirekodi upya asubuhi, sauti yangu mwenyewe, bila kuigiza mtu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyofikiri. Nilisema tu jina langu na kwamba mpunga umekauka.

Dada akasema mara moja, "Ndiye. Mwizi wa nyama mchuzini."

Nikataka kuruka. Vene akanikanyaga mguu. Akabonyeza.

Mtungi ukakohoa kidogo. Ukasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akasema dada.

Ilimtoka tu. Halafu akaziba mdomo kwa kiganja. Maana shikamoo ya marehemu haiitikiwi, na yeye kashaitikia.

Fidelis akaendelea. Kwamba barua zilirudi. Kwamba aliona haya. Kwamba mke wake anapenda wali, ila wali wa huko hauna harufu. Kwamba mjomba Damas kama bado anaishi asipewe hela kwanza. Nilitaka kumjibu. Dada alikuwa ameukumbatia mtungi, shavu kwenye udongo.

Sauti ilipokwisha hakuuachia mtungi. Kisha akasema, "Amenenepa."

Akataka arudie.

Tumerudia mpaka betri zikachoka. Nimekwenda dukani kununua nyingine mbio, mimi, na goti hili.

Jumamosi, 11 Julai

Ndugu wa Malinyi wamefika na nyuso za msiba na kuku wawili. Mama mmoja alianza kulia kuanzia barabarani. Dada akamfuata, akamshika, akamkalisha mbele ya mtungi. "Lia ukishasikia."

Wamesikiliza wote, kwa zamu. Shangazi mmoja alikagua ndani ya mtungi kwa mkono kuhakikisha mimi simo. Katekista alikuwa amejiandaa kwa sala ya marehemu. Akageuza ikawa ya shukrani, hapohapo, ingawa alimtaja Fidelis kwa "roho yake" mara mbili kwa mazoea.

Pombe kwenye ndoo ililala kweli. Ilikuwa na ladha ya uji uliokasirika. Imekwisha yote. Nimecheza ngoma na Masanja akapiga boksi lake, safari hii tulimwachia.

Kabla ya treni Vene alimrekodi dada. Tulidhani atalia. Alimgombeza Fidelis moja kwa moja, bila kumeza mate, kuhusu barua, kuhusu kitambi, kuhusu kuja katika ndoto amelowa maji kama hana taulo. Mwisho akasema, "Njia iko wazi." Akamwambia Vene azime.

Vene ameondoka na kompyuta, anasema sauti ya dada ataituma Ulaya kwa Fidelis. Ameniita mume wangu stesheni, mbele ya watu. Nimesamehewa.

Jumapili, 12 Julai

Misa. Mpunga nimegeuza. Kuku wa Masanja hawakuja, labda nao wana uchovu.

Spika zimerudi kwa mwenyewe.

Jioni nimekwenda kwa dada. Mtungi ameuingiza ndani, karibu na kitanda. Nikamuuliza pombe ya mavuno tutapikia wapi. Akasema nitafute chungu changu nikizibe ufa.

 Nilikuwa na utani mdomoni, nikaumeza. Akaniuliza Fidelis atamsikiliza kwa spika gani. Nikasema atakuwa nazo, Ulaya spika ni nyingi.

"Na mitungi?"

Nikasema sijui, dada.

Akafikiri.

"Basi atadhani nina mafua."