Mwami Abaki Katubuka

Shikamoo, Dada.

Leo ni Jumapili ya mwisho ya Desemba, nje kuna theluji iliyokwisha kuchafuka, na huu ni mwaka wa arobaini na tano tangu treni iniondoe Kigoma. Macho yako hayasomi tena, kwa hiyo barua hii utasomewa na jirani yako Bi Tausi, pale barazani, na wanaokuja kununua mkaa kwake watasikia. Wasikie. Kila Ijumaa unanipigia simu na kuuliza neno moja, "Lini?", nami kila Ijumaa nakujibu, "Karibu." Safari hii nitakujibu sawasawa. Bi Tausi, nakuomba usome polepole, wala usikimbilie mwisho.

Nianze na kadi, maana ndizo zilizotufikisha hapa.

Unamkumbuka yule mwalimu Mmarekani aliyepanga chumba nyumbani kwetu Ujiji, karibu na maji? Siku ya kuondoka alimwachia baba kopo la biskuti, na ndani yake kadi tisa zenye picha za wachezaji wa besiboli, watu tusiowajua wa mchezo tusiouona. Majina yao yalikuwa yameandikwa kwa mwandiko wa mikogo, hatukuweza kuyasoma, tukawapa ya kwetu. Aliyevaa glavu kubwa ulimwita Mkono Mvimbe, ukamhurumia kabisa, ukasema kaumwa na nge. Aliyechuchumaa na vyuma usoni akawa Mfungwa. Na yule aliyesimama wima, rungu begani, bila tabasamu, ulimwita Mwami, kwa Kiha cha bibi. Ulisema ni mtawala tu awezaye kusimama mbele za watu namna ile asiambiwe keti.

Tuligawana kama wavuvi walivyogawana dagaa mchangani. Mmoja anageuka kutazama ziwa, mwingine anagusa fungu na kuuliza, naye asiyeona anataja litakuwa la nani. Ukageuka wewe.

"Hii ya nani?"

"Yako."

"Na hii?"

"Yako. Leo nina huruma."

Nilipomgusa Mwami niliomba kimoyomoyo unitaje mimi. Ukasema, "Yangu," bila hata kuvuta pumzi. Nikapiga kelele kwamba umechungulia. "Nimechungulia kwa kisogo?" ukaniuliza, na mama akacheka mpaka akaacha kutwanga.

Halafu ukamharibu. Ulikuwa umemwona baba akipaka makasia mawese ili yasinywe maji na kupasuka, ukaona kinachofaa kasia kitamfaa na Mwami. Ukamsugua mbele na nyuma, ukamwanika juani pembeni ya dagaa. Akarudi mwekundu kama bwana harusi aliyezidishiwa hina, ananuka jikoni. Niligoma kusema nawe. Ukaniambia, "Wako watakufa, wangu ataishi," nami nikakuona mjinga.

Mwaka huu ulipoanza, wazee wenzangu wa hapa Marekani walijiwekea malengo ya kutembea kila asubuhi na kupunguza chumvi. Mimi nikajiwekea langu, kuwapata wale tisa kabla mwaka haujaisha. Sikuwa nimewaona tangu nilipoondoka na kukuachia kopo lote. Nikawa naenda soko la vitu vya zamani kila Jumamosi, kwenye meza ya mzee mmoja muuza kadi. Siku ya kwanza alinihoji kama askari.

"Jina la mchezaji?"

"Silijui."

"Mwaka?"

"Siujui."

"Sasa unajua nini, bwana?"

"Ana mkono umevimba."

Alinitazama, kisha akacheka hadi akavua miwani. "Rafiki yangu, hapa wote wana mikono iliyovimba. Ndiyo kazi yenyewe."

Lakini alinielewa. Aliniwekea kiti, nikapekua makasha yake kwa sura tu. Mkono Mvimbe nilimpata mvua za kwanza za huku zilipoanza, na Mfungwa baada yake. Kiangazi kilipokwisha nilikuwa nao wanane, wasafi, kila mmoja ndani ya plastiki yake. Alibaki Mwami.

Wakati huohuo ziwa lilikuwa linapanda. Nilikuwa nageuza kadi mkono mmoja, simu yako mkono wa pili.

"Maji yamefika wapi?"

"Mlangoni."

"Hama, Dada."

"Nimeishi na ziwa hili tangu nizaliwe. Linanijua."

"Linakujua, lakini halikuogopi. Hama!"

Kisha simu yako ikanyamaza. Sijui kama niliwahi kukueleza siku zile zilivyokuwa. Nilienda sokoni nikakaa kwenye kile kiti bila kupekua chochote. Ulipopiga hatimaye ulikuwa Katubuka, mbali na ziwa, umebebwa mgongoni na mume wa Bi Tausi, unagomba kwamba alikuyumbisha. Neno lako la kwanza baada ya salamu lilikuwa hili: "Kopo limeingia maji. Wale wengine wamekuwa uji. Mwami mzima."

Mawese, Dada. Ulikuwa sahihi tangu udogoni, na nililia kwenye simu ukadhani mtandao unakatika.

Nikakuomba unitumie. "Nimpe nani, mtu wa basi?" ukajibu. "Umemtaka maisha yako yote. Njoo umchukue." Ukanieleza chumba changu hapo Katubuka kimeshapakwa chokaa, godoro limeshanunuliwa, na jogoo ameshachaguliwa na hajui. Nikasema nitakuja kabla ya mwaka kwisha. Nilimaanisha. Nilitoa sanduku juu ya kabati, nikaweka ndani shuka zako na viatu vyako vya raba.

Oktoba nikaenda kwa daktari anipe dawa za safari. Alinipima moyo, akanipima tena, akaita mwenzake. Akaniambia kwamba nikipanda ndege, huenda moyo huu usifike ninakokwenda. Nikamuuliza habari za meli. Alicheka kidogo, kisha akaona sitanii, akaacha. Tangu siku ile, kila "Karibu" niliyokujibu niliitamka nikijua si kweli. Nilikuwa naisikia furaha yako, na nyuma yako naisikia Katubuka yote inaniandalia mapokezi.

Jumamosi iliyopita yule mzee alinisubiri amesimama. "Nimempata mtu wako!" Alikuwa Mwami kweli, rungu begani, mweupe, hana hata alama. Nikamtoa kwenye plastiki nikamnusa.

"Mbona unamrudisha?"

"Siye."

"Ni yeye! Mwaka mzima unamtafuta, leo unasema siye?"

"Huyu hajapakwa mafuta," nikamwambia, na nikaondoka kabla hajaniuliza zaidi.

Basi lengo langu halikutimia. Wanane wako ukutani, na nafasi moja ipo wazi, sitaijaza.

Usimtume Mwami, Dada. Usimpe mtu wa basi wala mtu mwingine yeyote. Chumba kile mwache Bi Tausi aweke mkaa, chokaa itachafuka, haidhuru. Godoro lilalie wewe, mgongo wako ndio unaolihitaji. Jogoo mle. Shuka na viatu nitakutumia kwa posta, sanduku nimeshalirudisha juu ya kabati.

Sasa fanya kitu kimoja. Mshike Mwami mkononi, uulize kwa sauti, wote hapo wasikie, hii ya nani. Mimi huku nimegeuka, natazama ukuta, sioni ziwa wala sikuoni wewe. Yako. Sijachungulia.

Bi Tausi, mstari unaofuata usiuruke, hata akikushika mkono.

Dada, sitarudi.

Mdogo wako