Mafiga Yako Nimeyakalia, Ntandu

Ntandu,

Nina miaka themanini na moja. Nimezika njaa mbili, wake wawili na ng'ombe wote wa baba yangu. Sasa nimekuzika na wewe, uliyekuwa unatamba kwamba utanizika. Umelala huko Iguguno, mimi nashika kalamu. Nani kashinda?

Usidhani nalia. Nina hasira na wewe.

Unakumbuka nilivyozungushia moto wa jikoni kwangu ukuta wa tofali za udongo, nikaweka na kimlango cha fito? Ulicheka mpaka ukakohoa. "Mtani, umeujengea moto zizi! Utatoroka?" Ukasema mtoto lazima auonje moto ndiyo auogope. Mimi nimelea watoto tisa, hakuna hata mmoja mwenye kovu la moto. Nitajie mwingine Iguguno nzima. Huna.

Haya, sikiliza ya msibani kwako. Wanawake walipika uji kwenye mafiga yako, chini sakafuni, wakautua pembeni ya moto. Mjukuu wako Neema, anayetambaa, akashika ukingo wa sufuria ajivute asimame. Uji ukammwagikia mkono. Ntandu, ile sauti. Nimesikia fisi akiwa ndani ya zizi langu, lakini ile... basi.

Dada yako akaja mbio na dawa ya meno. Nikaipiga ikarukia huko. Nikavuta ndoo ya maji baridi, nikawa nammiminia mtoto mkononi, polepole, bila kuacha.

Mpishi mmoja akanipigia kelele: "Babu, unamaliza maji! Waombolezaji watakunywa nini?"

"Wanywe machozi yao!"

Nilimimina muda mrefu, ndoo baada ya ndoo. Tukamfunika mkono kwa khanga safi, mama yake akapanda naye bodaboda kwenda zahanati. Nesi alisema maji yale yamemsaidia sana. Alisema mbele ya watu, wewe hukuwepo.

Lakini wanao, vichwa kama chako! Nikawaambia wajenge ukuta kabla mtoto hajarudi. Eti mafiga aliyoyaweka baba hayaguswi mpaka matanga yaondolewe. Na mtoto anarudi, na bado anatambaa!

Basi nikatumia haki yangu ya utani. Nikazima moto, yalipopoa nikayakalia mafiga yako. Unajua mwenyewe, mtani akikalia kitu msibani hafukuzwi, anakombolewa. Wakaleta kuku. Nikakataa. Wakaleta yule mbuzi wako wa pembe moja uliyekuwa unamringia. Nikasema mbuzi wenu mbaya, nataka tofali. Watu wana njaa, wananung'unika, mimi nimekaa tu. Mwisho mwanao mkubwa akavua shati, akaanza kukanda udongo. Mbishi kama wewe, ila anajenga vizuri kukuzidi.

Ukuta umekauka. Jana nilimkuta Neema ameushika kwa nje, anajifunza kusimama.

Sasa lala, mbishi wee. Kila nikipita kwako nitausukuma ule ukuta kwa bega, na siku ukitikisika nitakuja kukutukana hapo hapo kaburini. Nimeapa.

Ukinibishia, waulize mjane wako na dada yako mwenye dawa ya meno. Uliza na suruali yangu ya kanisani, ina masizi mpaka leo. Neema usimuulize. Nataka asahau.

Mtani wako, uliyeshindwa kumzika